Ng'ombe Watatu wa Darasa la Pili

Dada Minza,

We dada, ungekuwepo leo! Mikono yangu bado ina udongo na nakuandikia hivyo hivyo, maana nikisema ninawe kwanza nitapasuka.

Tangu tukuzike kule kwenu Ipililo, darasa lako la pili nimepewa mimi. Ng'ombe wako wa udongo wa kuhesabia niliwakuta kwenye boksi chini ya meza, wengine pembe zimevunjika, nikawaambia watoto tufinyange wengine. Wazazi wakaja juu: sare zinarudi na tope, madaftari meupe. Mwalimu mkuu akasema leo atakaa darasani, na asipoona hesabu, udongo unatoka, tunarudi kukariri ubaoni. Dada, niliumia. Hicho ndicho ulichotuachia hapa shuleni, halafu nikiue mimi Mchaga, uliyekuwa unanicheka nikisalimia mwangaluka yenu ya asubuhi saa kumi jioni?

Basi akaja, akajibana kwenye dawati la nyuma. Nikapanga ng'ombe kumi mezani, nikawaondoa watatu. Nikauliza, watatu wamepotea, wamebaki wangapi? Watoto wakageuka kutazama mlangoni. Mwalimu mkuu akaanza kufunika kalamu yake.

Ndipo akasimama Milembe. Humjui, alihamia kwetu kutoka Migato baada yako, na tangu aje hajawahi kufungua mdomo darasani.

"Mwalimu," akasema, "mbona tunahesabu waliobaki? Wale watatu nani amekwenda kuwatafuta?"

Darasa zima likamuunga mkono. Kweli, nani amekwenda? Hawa ni watoto wa wafugaji, dada, ng'ombe akipotea hakuna anayekaa kitako. Nikasema liwalo na liwe. Nikawafumbisha macho, nikatoka mbio kuwaficha wale watatu uani, kisha nikawafungulia mlango.

Ungewaona! Akipatikana mmoja wanapiga kelele kwamba wako wanane, bado wawili. Akipatikana wa pili, tisa, bado mmoja. Sikuwauliza chochote. Kengele ya uji ikalia, hakuna aliyekwenda. Huyo wa mwisho akasumbua mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akapiga magoti kwenye ua wa minyaa na suruali yake ya pasi. Akamtoa, akamnyanyua juu, akasema, "Kumi." Milembe akamwambia sasa hakuna ng'ombe anayekosekana, turudi. Mwalimu mkuu akajipangusa magoti, akaniambia kuanzia kesho na darasa la kwanza wafinyange ng'ombe wa kwao.

Nikageuka mlangoni nikuone unavyocheka. Mlango mtupu. Nililia, dada, pale pale mbele ya watoto, huku nacheka, wakadhani mwalimu wao amechanganyikiwa.

Jumamosi nakuja Ipililo kupalilia kaburi lako na kumsimulia mama yako yote haya. Pumzika, dada yangu. Watoto wako wameanza kuuliza maswali, na naapa sitawanyamazisha.

Wako, Neema