Kipimo cha hewa kimemuumbua mume wangu

Shosti, uko wapi? Mume wangu kaumbuka leo!

Si alinunua kipimo cha hewa, eti tujue kichujio gani kitazuia vumbi la fundi seremala jirani? Kamwita fundi aje ajionee uchafu wake, na mama mkwe kakaa pale pale.

Dirishani, upande wa karakana: kumi na mbili. Hewa safi kabisa!

Sebuleni: arobaini.

Mlango wa choo: MIA TATU. Kipimo kinapiga kelele. Mia tatu, shosti!

Mama mkwe kaingia, katoka na kopo la vipisi vya sigara. Za huyu huyu aliyeniapia kaacha tangu mwaka jana!

Mama akasema, "Kichujio cha nyumba nzima cha nini? Tafuteni kimoja kidogo, mumfunge mdomoni."