Kofia Nyeupe ya Jino

Jumanne, mavuno ya ngano

Kuziba au kofia, bado sijui, na jino linauma kila nikinywa chai.

Daktari wa meno alinieleza vizuri leo. Akiliziba, jino langu linabaki, ila nising’ate kitu kigumu kwa jino hilo. Kofia ya kulivika jino ina nguvu zaidi, lakini atalichonga pande zote, na kofia yenyewe ni nyeupe. Nikamwuliza kama hakuna ya kahawia. Akacheka! Mimi sikucheka. Huku Hanang maji ya kisima yametupaka meno kahawia tangu utotoni, na jino lenyewe ni la mbele.

Baba Paulina anataka kofia. Anajilaumu, mume wangu maskini. Ile ngano niliyookota baada ya kombaini kupita shamba la serikali aliipepeta yeye, ili mimi nipumzike, na kijiwe kikabaki, ndicho kilichonivunja jino.

“Weka kofia, Mama Paulina,” aliniambia jioni. “Utafune bila kuogopa.”

“Na nikicheka je?”

Akasema siku ya kwanza kuniona, kule mnadani, nilikuwa nacheka, na hapakuwa na jino hata moja jeupe.

Miaka yote hii hajawahi kuniambia.

Basi, nitaziba. Nilipomwambia, alichukua ungo, akavaa miwani yangu, akaanza kuchambua ngano ya kesho, punje moja moja.