Komeo la Nje

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote wawili, na kwamba lile jino lililokuwa likimsumbua mdogo limeshang'oka. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana; bado anafundisha darasa la pili na bado anarudi nyumbani sauti imemkauka. Mimi nipo dukani kama kawaida, nyuma ya kaunta, nauza skrubu, bawaba na makomeo kwa watu wasiojua wanataka saizi gani. Baba naye ni mzima, ukiacha mgongo. Anakula, analala, anatukosoa. Ila jina lako halitaji sana siku hizi, na hilo ndilo lililonikalisha chini niandike.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Nimekupigia mara nyingi hukupokea, na sikulaumu hata kidogo. Lakini nikisema kweli, hata ungepokea nisingeweza. Kuna mambo nikitaka kuyasema kwa simu naishia kukuuliza habari za mvua. Kwenye karatasi angalau hunioni uso. Dereva wa lori la duka letu analeta simenti upande wenu Alhamisi, nimemwomba aifikishe mkononi mwako, asimwachie mtu mwingine.

Ni kuhusu ile safari, miezi minne iliyopita. Naomba usiichane kabla ya kufika mwisho.

Unajua kwamba tangu baba adondoke kwenye ngazi akipaka rangi ukuta wa watu, hawezi kukaa kitini zaidi ya nusu saa. Na unajua kuliko mimi kwamba miaka tisa tangu uolewe hajawahi kukanyaga kwako. Mwanzoni kwa ukaidi wake juu ya shemeji, baadaye kwa sababu ya mgongo, ingawa mimi nadhani mgongo ulimpa kisingizio kizuri. Basi siku aliyosema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba anataka kuona unapoishi, nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi, machozi yasionekane. Basi la abiria asingeliweza. Hapo ndipo nilipoitazama pikapu yangu kuukuu nikasema, mzee atasafiri amelala.

Wewe ndiye uliyenibandika jina la Vipimo tangu utotoni, kwa sababu nilikuwa napima mkate kabla ya kuukata. Safari hii nilijipita. Nilipima bodi ya pikapu mara tatu. Nilimpima na baba, amelala sakafuni sebuleni, na yeye akaniuliza kama nimeshaanza kumchongea jeneza. Wikendi saba nilikuwa uani na msumeno na drili, wifi yako akiniletea chakula hukohuko na kuniuliza kama nimehamia. Nilisimamisha kiunzi cha mbao, nikakifunika kwa plaiwudi, nikaezeka paa lililoinuka kiasi cha mtu kukaa kitako bila kugonga kichwa. Kushoto kitanda, na chini yake droo mbili. Kulia meza ya kukunja. Ukiiinua inasimama kwa mguu mmoja, ukiishusha inalala ukutani. Rafu ya kikombe niliiwekea ukingo, chai isimwagike kwenye matuta. Kuta zote nilizijaza sponji na kuzifunika kwa vipande vya zulia, asipate joto wala kelele za barabarani. Madirisha niliyaziba kwa silikoni vumbi lisiingie, hewa ikapitia tundu la paani. Jirani yetu fundi cherehani alishona foronya na mapazia kwa kitambaa kimoja, akasema hata nyumbani kwake hakuna mapazia yanayolingana hivyo.

Rangi aliipaka baba mwenyewe. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, brashi mkononi, kwa mara ya kwanza tangu adondoke. Njano nje, nyeupe ndani. Alinifokea siku mbili nzima kwamba sijapiga msasa sawasawa, na mimi nilifurahi kufokewa. Halafu kwa mabaki ya mbao akatengeneza viti viwili vidogo vya wajukuu zake, kimoja cha kijani na kimoja cha buluu, akavifungia kwenye droo ya mbele.

Kilichonitia wasiwasi ni mlango wa nyuma. Niliogopa usije ukafunguka kwenye mashimo, mzee akajikuta barabarani yeye na godoro lake. Kwa hiyo nikachagua komeo nene la chuma, lile tunalouza kwa ajili ya mageti, nikalifunga kwa nje kwa skrubu nane. Kwa ndani sikuweka kitu. Mtu anayeuza makomeo siku nzima, dada. Nilipima kila kitu, sikumfikiria mtu aliye ndani akitaka kutoka.

Tuliondoka asubuhi. Baba alivaa shati jeupe na suruali ya kaki aliyoipiga pasi mwenyewe, viatu vinang'aa. Simu yake alisahau kuichaji, nikaichukua mbele niichomeke. Alilala kitandani, akajaribu taa, akajaribu rafu ya kikombe, akasema angekufa sasa hivi angekufa kifalme. Nikasukuma komeo.

Saa saba mchana nilisimama kwenye kile kituo cha mafuta chenye mnara wa maji, kile ulichonielekeza, dakika kumi na tano kutoka mlangoni pako. Nilitaka tu kumwambia tumefika, ajiweke sawa. Nilipofungua nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, shati jeupe amelivua na kujifunika nalo mapajani. Sikuelewa mara moja. Zile dawa za mgongo zinamtuma chooni kila baada ya muda mfupi, hilo unalijua. Alikuwa amegonga kwa ngumi, halafu kwa kiatu, akaita, na mwishowe haja ndogo ikamshinda. Baba yetu, ambaye sisi hatujawahi kumwona akitoka chumbani bila mkanda. Nguo za akiba alikuwa amezitoa kwenye droo akafutia godoro, ili mimi nisione. Zote zilikuwa zimelowa.

Hakunifokea. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna bomba la maji hapo. Nilimwambia sikusikia. Nilimwambia mara mbili, kwamba kuta zile ni nene mno, sikusikia. Akasema si neno, kuta zimejengwa vizuri.

Nilimwosha nyuma ya choo cha kituo, nikamvisha ovaroli yangu ya dukani, ile yenye madoa ya grisi. Akajitazama. Akasema hawezi kuingia nyumba ya mkwewe kwa mara ya kwanza akiwa hivyo, kwamba nikupigie nikwambie gari limeharibika, tutakuja wiki nyingine. Hilo tu ndilo aliloniagiza.

Nilikupigia nikasema giaboksi imekufa. Na wewe, kwa wema wako, ukasema tusiondoke, shemeji anakuja na fundi sasa hivi. Nyuma yako nikawasikia watoto wakiuliza babu yuko wapi. Nikamwona shemeji akilini mwangu anafika, anamkuta mzee ndani ya ovaroli na godoro linakauka juu ya boneti, anauliza kimetokea nini, na wote wanageuka kutazama komeo langu. Niliingiwa na woga wa aibu ambao sijawahi kuwa nao. Ndipo nilipokwambia kwamba si gari, kwamba baba amebadili mawazo. Uliponiuliza kwa nini, nilisema ameona bado hajawa tayari kukaa chini ya paa la shemeji.

Maneno hayo ni yangu, dada. Baba hakuyatamka. Alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka niliposimama, aliyasikia yote, akageukia upande wa barabara.

Alirudi amekaa mbele, kwa kuwa godoro lilikuwa bichi, safari nzima bila kulalamika. Wiki iliyofuata hakuinuka kitandani. Na ulipompigia siku ya tatu ukamwambia asijisumbue tena na nyumba yako, mimi nilikuwa chumbani humohumo, namshikia simu. Alisema sawa mwanangu. Ningeweza kuichukua ile simu nikasema neno moja tu, lakini nilikuwa naiangalia foronya.

Tangu siku hiyo watu wanakuja kuitazama pikapu. Fundi cherehani ameleta ndugu zake, mwalimu mkuu wa wifi yako amekuja na futi ya kupimia. Baba anawatembeza. Anawaonyesha meza, anawafungulia droo, halafu anagonga ukuta kwa kiganja na kuwaambia mwanawe amejenga chumba ambacho hata ukipiga ngoma ndani, aliyeko nje hasikii. Kila akisema hivyo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Na sasa nifike pale ninapopakwepa tangu ukurasa wa kwanza. Hapo juu nimeandika kwamba nilimwambia baba sikusikia. Rudi usome tena. Sikuandika kwamba sikusikia.

Nilisikia. Tulikubaliana akitaka kitu agonge. Kabla ya hapo alikuwa ameshagonga mara tatu. Mara ya kwanza kuniambia nimelipita lori vibaya. Mara ya pili kuniuliza kama nimefunga mlango wa jikoni. Mara ya tatu kuniambia anahisi tairi la nyuma limepungua upepo, na halikuwa limepungua. Mara zote tatu nilisimama, nikazunguka, nikafungua, nikasikiliza, nikajibu ndiyo baba, nikauma meno. Alipogonga mara ya nne kulikuwa na mpira redioni, kipindi cha kwanza, nikasema moyoni kwamba mzee huyu hatatufikisha leo. Nikaongeza sauti. Akagonga tena, nikaongeza tena, mpaka sikumsikia. Niliendesha hivyo zaidi ya saa moja, nikimshangilia mtu anayekimbia na mpira.

Hilo hata wifi yako halijui. Nimelibeba miezi minne, na kila mteja akiniomba komeo namuuliza kwanza ni la ndani au la nje.

Nilipofika hapa kwenye kuandika nilishindwa kutia sahihi. Niliona ni unyonge kukuungamia wewe uliye mbali, wakati mwenyewe yuko uani anakunywa chai ndani ya pikapu, kama anavyofanya kila asubuhi. Hilo komeo la nje nilishaling'oa zamani, nikaweka kitasa chenye mkono pande zote mbili. Nilikwenda nikasimama mlangoni, nikamweleza yote, la redio na la simu yako. Hakunitazama. Alimaliza chai, akateremka polepole, akaniambia niingie nilale. Nikaingia. Akaufunga mlango, na akiwa kule nje akaniambia nigonge.

Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena kwa nguvu zaidi, nikaita baba. Kimya. Mkono wa kitasa kipya ulikuwa karibu na kiwiko changu, ningeusukuma ningetoka. Sikuugusa. Nililala pale nikitazama rangi nyeupe aliyoipaka, nikigonga, sijui kwa muda gani, na ninakuambia wewe peke yako kwamba nililia.

Alipofungua hakuwa na hasira usoni. Alisema inasikika vizuri sana, hata ukigonga kwa vidole. Alisema alijua tangu siku ileile, kwa sababu alipogonga mtangazaji alikuwa akisikika kwa mbali, na kila alipogonga tena sauti ya mtangazaji ilipanda. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini anawaambia watu kwamba sauti haipiti. Akaniuliza yeye angewaambia nini.

Halafu akadai kikombe kingine cha chai.

Dada, siombi unisamehe kwa barua; nikionana nawe utanifanyia utakavyo na nitakuwa nimestahili. Naomba kitu kimoja. Baba atakupigia Jumamosi asubuhi, kwa simu yake mwenyewe, nimeshaichaji. Tafadhali pokea. Hatakueleza lolote kati ya haya, atakuuliza habari za watoto na jino. Vile viti bado viko kwenye droo. Juzi amevitoa akaviongezea miguu urefu wa vidole viwili, anasema watoto watakuwa wamekua.

Mpe shemeji mkono wangu, na umwambie ukweli wote, usinifiche. Wabusu wapwa zangu. Wifi yako amesimama mlangoni, anauliza naandika nini siku nzima. Naye nitamsomea leo kabla sijaifunga.

Ni mimi mdogo wako, ninayeona haya kukutazama,

Vipimo