Mafuriko Kutoka Darini

Jumanne, 6 Mei
Chai, dawa ya presha, redio. Sijamaliza kikombe, Mama Desire wa mlango wa pili kagonga. Dari ya chumbani kwake imeanguka. Zulia chepechepe. Jana alikwenda ofisi ya meneja wa majengo yetu akasema ni mafuriko. Wakamjibu mafuriko ni ya mvua, si jukumu lao. Nyumba haikaliki, ahame kabla ya Jumamosi.
Mafuriko! Mafuriko huingia mlangoni. Haya yametoka juu, kwenye bomba la Mama Rehema wa ghorofani. Huko ni kuvuja.

Jumatano, 7 Mei
Nikajitolea kwenda naye ofisini kusahihisha. Kakataa.
"Mwalimu, niachie mafuriko yangu."
Nimeudhika mchana kutwa. Hapa Houston nimeona mafuriko yakimeza magari hadi madirishani. Gharika ni kubwa zaidi, ile ya Nuhu, isiyoacha kitu. Bomba bovu la mtaa wetu wa Gulfton halimo humo.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeelewa, na hasira imezidi. Mama Rehema anamhifadhi kaka yake, mke na watoto watatu. Walikosa kazi Dallas. Hawamo kwenye mkataba wa nyumba. Fundi akipanda atawakuta, na Mama Rehema atafukuzwa. Mvua haina wa kulaumiwa, ndiyo maana wamesingizia mafuriko. Mama Desire yuko tayari kukosa pa kulala ili jirani asiumbuke.
Nimewaambia wote wawili ni wajinga. Mama Rehema, Mkongo huyu, akaniuliza.
"Sasa Papa, niwatupe wapi?"
Nikarudi kwangu. Nina vyumba viwili na vitabu.

Ijumaa, 9 Mei
Vitabu nimevisukuma ukutani. Magodoro ya wageni wa Mama Rehema yameshuka kwangu alfajiri, na wenyewe pia. Kwangu hakuna bomba lililopasuka. Fundi hana la kufuata.
Kisha ofisini na Mama Desire. Nikasema bomba la juu limevuja. Meneja akauliza mbona mwanzo yalikuwa mafuriko. Mama Desire akainamisha kichwa. Nikajibu kwamba Kiswahili kina neno moja tu kwa maji yote ya namna hiyo.
Uongo mtupu. Nao umetoka kinywani mwa mwalimu.

Jumapili, 11 Mei
Fundi alikuja jana, akaziba bomba. Mama Desire haondoki. Kaleta sufuria ya maharage.
Watoto wamelala kando ya kamusi zangu. Mmoja anakoroma. Nyumba imejaa. Haijafurika. Jikoni bado panatosha godoro moja.