Ya Kushona

Suna, Migori
15 Januari 1995

Kwa Anti Orpah,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Huko Homa Bay mko aje? Miguu yako bado inavimba ama ile dawa ilisaidia? Mimi niko fiti kabisa. Baba pia ako sawa, analima tu, anasema siku hizi anakuona kwa picha peke yake.

Sasa Anti, keti chini kwanza. Umeketi? Fungua hiyo karatasi ya kaki polepole, usiipasue na meno vile unafanyanga. Hiyo ni koti na sketi. Maruni! Kitambaa ni ya duka ya Kaltum, nilikata mwenyewe, nimeweka bitana ndani mpaka kwa mikono. Angalia mabega. ANGALIA MABEGA ANTI.

Halafu fungua kola ndani. Umeona hiyo lebo? MONG'INA – SUNA. Nimeidarizi na mkono, siku mbili, macho karibu itoke. Nilifikiria niandike jina yangu, lakini nani alinifundisha kazi kama si mama? Najua alikufa kabla hajanikalisha kwa cherehani. Lakini nilichukua kwa sanduku gauni zote zenye alikuwa anavaa, nikazifumua mshono moja moja nione aliingilia wapi akatokea wapi, halafu nikazirudisha. Hiyo ndio shule yangu. Na chini ya kila kola nilipata uzi mwekundu, mishono tatu midogo, mahali hakuna mtu anaangalia. Na mimi naweka hivyo hivyo.

Sasa maneno yenyewe. Unajua mimi nashona hapa nje kwa veranda ya Kaltum, mvua ikija nabeba cherehani kama mtoto. Nyuma ya duka yake kuko na chumba. Kaka yake Abdihakim anaitaka aweke mabelo ya mitumba. Mimi nikamwambia Kaltum nipatie mimi, nifungue duka ya nguo kali, nguo za kifahari, zenye zimetoka hapa kwetu kwa mikono yetu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema, "Haya Bitutu. Niletee oda kumi za wanawake wa ofisi kabla mwisho wa Juni, chumba ni chako."

Anti, wanawake wa ofisi mimi nawajua wapi? Ni wewe tu. Vaa hiyo koti, tembea mbele yao vile mlikuwa mnatembeanga na mama. Wakiuliza, waambie.

Ni mimi mtoto wako,
Bitutu

*

Homa Bay
20 Februari 1995

Kwa mtoto wangu Bitutu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini wewe na shemeji mko wazima. Mimi naendelea vizuri, miguu imepungua kidogo. Hapa joto ni ile ya ziwa, unaoga asubuhi na saa tatu umelowa tena.

Koti imefika. Mtoto wangu, nilivaa nikasimama mbele ya kioo na nikalia. Ilinikaa kama vile dada yangu mwenyewe alinipima usiku nikiwa nimelala. Nilikumbuka siku za Sabato, sisi wawili tukienda kanisani, yeye na gauni ya samawati, mimi na ya manjano yenye kola kubwa. Tulikuwa tunatembea polepole makusudi. Wale wanaume wa posho mill walikuwa wanatoka nje na unga kwa nyusi kutuangalia, na dada ananiambia, "Orpah, usigeuke, ukigeuka umeharibu nguo."

Ofisini waliizunguka hiyo koti. Shamima, sekretari wa mkubwa, aliishika mkono akaipindua. Anajua nguo huyo. Wote waliuliza imetoka wapi, nikawaambia imetoka mbali.

Nishonee na gauni tafadhali, kuna harusi mwezi wa nne. Rangi chagua wewe.

Mama yako mdogo,
Orpah

*

Suna
11 Machi 1995

Anti,

Bwakire! Umeamkaje, umelalaje, yote pamoja. Sisi wazima. Hiyo gauni ni ya kijani, mgongoni nimeweka vifungo kumi na nne, kila moja nimeifunika na kitambaa. Usikalie vibaya.

Lakini Anti, "mbali" ni wapi? Suna ni mbali? Mtu akiamka Homa Bay asubuhi, chakula ya mchana anakulia huku. Na hiyo Shamima ameuliza bei? Amesema anataka? Hata moja bado sijapata. Nimeshadarizi lebo kumi na mbili, zinanikodolea macho kwa mkebe wa biskuti. Kaltum kila asubuhi ananiuliza, "Wapi wanawake wako wa ofisi, au walizama ziwani?"

Nitumie hata jina moja. Moja tu.

Mtoto wako,
Bitutu

*

Homa Bay
24 Aprili 1995

Bitutu,

Salamu. Gauni ilipendeza sana, Mungu akubariki. Oda bado. Watu wa huku wanapenda vitu vya ng'ambo, wewe vumilia kidogo. Nina haraka, kazi imejaa mezani.

Mama mdogo

*

Suna
17 Mei 1995

Kwa Anti Orpah,

Natumaini uko mzima. Sisi wazima.

Wiki jana baada ya Idi mgeni alikuja kwa Kaltum. Binamu yake, anafanya kazi Homa Bay. Unajua ni nani? Shamima wako. Sikujua ni watu wa familia moja, na naona hata wewe hukujua.

Nilikuwa hapo kwa veranda nashona yunifomu. Akatoa kitu kwa mfuko wa plastiki akaikunjua kama mtoto mchanga. Koti yangu. Akamwambia Kaltum, "Rafiki yangu wa ofisi ameniazima. Aliniambia nipeleke Kisumu nikatafute fundi wa kuiga, lakini nimesema wacha nijaribu hapa kwanza."

Kaltum akafungua mdomo, "Hii si—" nikamkanyaga mguu.

Shamima akaniangalia kutoka juu mpaka kwa ndara. "Wewe msichana, utaweza? Usiniharibie. Hii ni ya London. Ona hiyo finishing, huku kwenu kwa veranda hamuwezi kufika hapo."

Nikafungua kola.

Anti. Lebo ya London, imeshonwa na uzi mweupe, na wewe hata kushona lebo hujui, moja ya kona imepinda. Na chini yake niliona matundu ya sindano yangu. Matundu ishirini na sita. Nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyatoboa. Ulitoa jina ya mama ukaweka ya mji yenye hata hujawahi kuiona kwa ramani.

Mtu mweusi akivaa nguo kali lazima iwe mzungu ndio amemvalisha? Na ni wewe, Anti, mwenye nilikuwa nakuangalia nikiwa mdogo nasema nikikua nataka kutembea hivyo.

Sikumwambia ni mimi nilishona. Sikutaka akudharau. Nilichukua futi nikampima, mabega, kifua, kiuno, na yeye ananipigia kelele, "Pima vizuri, hii si yunifomu." Nimekubali kuiga koti yangu mwenyewe. Kaltum alicheka mpaka akalia, halafu akaacha kucheka kwa sababu aliniona.

Ninakuuliza kitu moja tu. Hiyo ya Shamima, nimwekee lebo gani?

Bitutu

*

Suna
3 Julai 1995

Anti,

Umenyamaza. Sawa.

Shamima alichukua koti zote mbili wiki jana. Kwa yake nimeweka ile lebo yangu. Yako sikuigusa, London iko pale pale na kona yake imepinda.

Jana mabelo ya Abdihakim yameingia kwa chumba. Kumi na moja. Nilisaidia kubeba.

Bitutu

*

Homa Bay
19 Agosti 1995

Kwa mtoto wangu Bitutu,

Sijui kama nina ruhusa ya kukusalimu. Nakusalimu tu. Shemeji je? Nimeandika hii barua mara nne nikaichana.

Acha nikwambie kitu sijawahi kumwambia mtu. Nilipoanza kazi hapa, mwaka wa themanini na saba, nilivaa ile gauni ya manjano ya dada. Wasichana wa ofisi wakanizunguka. Mmoja akauliza, "Umenunua ama umeshona?" Mimi na kiherehere yangu nikasema, "Nimeshonewa na dada yangu!" Basi. Walicheka. Tangu siku hiyo jina yangu ikawa Ya Kushona. "Ya Kushona, leta faili." "Ya Kushona, chai imeiva." Mwaka mzima.

Halafu dada akaja kunitembelea. Alikuwa ameniletea ndizi na nguo mpya kwa karatasi. Alisimama kwa korido akiningoja, na mtu akaniita hiyo jina, na wote wakacheka, na mimi pia nikacheka, Bitutu. Nilicheka nao. Nilipogeuka nilimwona pale na karatasi yake. Tulikula, tukaongea mambo ya nyumbani, akarudi Suna. Ile nguo aliondoka nayo. Hakunishonea tena, na mwaka uliofuata tukamzika.

Kwa hivyo ulipotuma ile koti nilifurahi mpaka nikaogopa. Nilienda sokoni nikanunua koti kuukuu ya mtumba, kwapa zimeoza, kwa ajili ya ile lebo tu. Nikaitoa na wembe. Jina la dada sikulitupa. Lilikaa ndani ya Biblia yangu, kwa Zaburi, na kila Sabato nikifungua lilikuwa linaanguka kwa mapaja.

Sasa sikiliza. Shamima alikuja ofisini na koti yake mpya, akaita wote. Akaziweka mbili mezani, akasema, "Nani atajua ya London ni gani?" Hakuna aliyejua. Wengine walichagua yake. Halafu huyo mwanamke, nilikwambia anajua nguo, akainua kola ya kwanza akaangalia chini. Akainua ya pili. Akaniita, "Orpah, kuja uone. Uzi mwekundu, mishono tatu. Na hapa, uzi mwekundu, mishono tatu. Hizi zimetoka tumbo moja. London wameenda lini Suna?"

Mimi nilikuwa nimesahau hiyo mishono ya dada. Ulinikumbusha kwa barua yako ya kwanza na mimi nikasoma haraka haraka nikifikiria mabega.

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini niliona dada kwa ile korido. Nikachukua wembe kwa droo nikaitoa London mbele yao. Nikatoa Biblia kwa mkoba, nikatoa jina, nikaomba sindano. Sikuirudisha ndani. Niliishona nje, juu ya mfuko, kifuani, ofisi nzima ikiangalia, mkubwa amesimama mlangoni na kikombe. Nikasema, "Huyu ni dada yangu. Na aliyeshona ni mtoto wake, ana miaka ishirini, anakaa kwa veranda."

Mmoja wa wale wa zamani akasema, "Kumbe Ya Kushona amerudi!"

Nikasema, "Amerudi."

Wengine walicheka. Shamima hakucheka. Alichukua yake pale mezani akaniambia, "Na hii pia, toa ndani, weka nje."

Najua nimechelewa. Chumba kimeenda na ni mimi nilikiuza kwa aibu yangu. Nimefunga hapa karatasi yenye vipimo vya wanawake sita. Niliwapima mwenyewe wakati wa chakula. Hiyo ya Mrs. Makori usiiamini, alikuwa anavuta tumbo.

Kama bado unaweza, nijibu.

Mama yako mdogo,
Orpah

*

Suna
8 Oktoba 1995

Kwa Anti Orpah,

Salamu Anti. Miguu je? Baba anakusalimia na amesema ukuje Desemba, amekuchagulia jogoo tayari.

Nilikaa na barua yako wiki nyingi. Kwanza nilikasirika tena. Halafu nilienda kwa sanduku ya mama. Kuna nguo moja nilikuwa sijawahi kuielewa. Ya machungwa, ni mpya, haijawahi kuvaliwa, na haimkai mtu yeyote hapa nyumbani. Ni ndefu kuliko mama. Nilikuwa nafikiria alikosea kipimo. Anti, mama hakuwahi kukosea kipimo. Imekunjwa ndani ya karatasi. Ile nimekutumia na hii barua. Sijafumua hata uzi mmoja. Kama imekubana kifuani usiseme, niambie tu nitaongeza.

Vipimo vya Mrs. Makori niliongeza inchi mbili na nusu. Alimtuma Shamima aniambie imemkaa kama mkono wa Mungu.

Chumba bado ni ya Abdihakim. Mimi bado niko veranda na mvua imeanza. Lakini Alhamisi gari ilisimama hapa, wakatoka wanawake watatu, viatu za kisigino kwa matope, siwajui. Abdihakim akakimbia na tabasamu. "Karibuni akina mama, ndani kuna mali safi kutoka ng'ambo, belo imefunguliwa leo!" Wakampita. Mmoja akachungulia ndani, akatoka, akamuuliza, "Si hiyo. Iko wapi ile ya kushona?"

Anti, vile aliitamka! Kama mtu anaulizia dhahabu.

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Nikamwambia, "Iko hapa, mama. Simama wima nikupime."

Ni mimi,
mtoto wako