Papa, Ilikuwa Chai Tu

Mpendwa Papa,

Jana tulikusomea hitima, pale pale uani ulipokuwa ukishona kanzu. Cherehani yako bado iko chini ya dirisha. Mama hataki iguswe.

Unaikumbuka chai yako? Ulikuwa ukimaliza kikombe, uso na shingo vinawaka, macho yanakuwa mekundu, kisha unakimbilia chooni. Majirani wakayaona macho hayo, wakakata shauri: fundi anajificha na lutuku, ile pombe kali ya kupikwa vichochoroni. Muislamu wa Maniema, tena mshona kanzu! Maneno yakafika hadi msikitini, ambako bega hugusa bega, na Mzee Sefu, jirani yetu, akaanza kukuachia nafasi pembeni yako. Nyumbani Mama alinusa kikombe chako kabla ya kukiosha. Ulimwona, ukacheka tu.

"Baache baseme, mama," uliniambia, maana mimi nabeba jina la mama yako. "Mungu iko anaona."

Mungu aliona, Papa. Madaktari ndio waliochelewa. Walipougundua uvimbe wa utumbo, ule unaomwaga homoni kwenye damu, ulikuwa umeshafika kwenye ini. Homoni hizo, zikichochewa na chai ya moto, ndizo zilizokuwa zikiuwasha moto uso wako na kukukimbiza chooni. Nilikasirika sana, na siku nyingine bado nakasirika.

Sasa nafanya kazi katika maabara ya chuo kikuu, huku Kasapa. Ndani ya damu natafuta vipande vidogo mno viitwavyo mikroRNA, vinavyozizuia seli zisitengeneze protini fulani kupita kiasi. Mtu akiwa na uvimbe kama wako, baadhi ya vipande huongezeka, vingine hupungua. Tunatumaini siku moja damu kidogo tu itatutonya mapema. Bado si kipimo cha kumpa mgonjwa. Majibu ya maabara hii na ile hayajapatana, na mimi, unanijua, sisifii mboga ingali jikoni.

Jana baada ya dua niliwaeleza watu hayo yote. Mzee Sefu akainua kichwa.

"Sasa ile macho nyekundu, haikukuwa lutuku?"

"Hapana, papa Sefu. Ilikuwa bugonjwa."

Mama akaingia ndani, akatoka na kikombe chako cha bati, kimejaa chai. Akakiweka mkononi mwa mzee.

"Nusa kwanza," akasema. "Miye nilinusaka myaka mingi."

Mzee Sefu akanusa. Akanywa yote mbele ya watu, machozi yakimtoka, na Mama naye akilia. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema polepole, "Fundi, unisamehe," kama vile ulikuwa umekaa kwenye cherehani yako.

Pumzika, Papa. Nimekukumbuka hadi kifua kinauma, lakini leo nimeamka mwepesi. Mama alikipokea kile kikombe, akakiosha bila kukinusa.

Binti yako,
mwenye jina la mama yako