Michezo Elfu Kumi Chini ya Kitambaa

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu ameondoka na basi la asubuhi kurudi kazini. Kompyuta yake ameiacha kwenye chumba changu cha kushonea – huko alikopanga umeme haukai. Ndani yake programu ya sataranji ya kazini kwao inacheza yenyewe kwa yenyewe, ya zamani dhidi ya mpya. Michezo elfu kumi, mpaka Jumapili.

Nilimuuliza hiyo mpya ina nini. Akasema kila hatua ina matawi mengi, mashine haiwezi kuyafuata yote. Kwa hiyo ameifundisha kupogoa: tawi likionekana baya inalikata mapema, haipotezi muda kulifuata hadi nchani. Hatari yake ni kukata tawi lenye tunda.

Kioo cha kompyuta nimekifunika kwa kitambaa cha bitana. Ni amri yake. Eti mtu akichungulia matokeo katikati na yakampendeza, atasimamisha hapo hapo na kujidanganya.

"Hata nikilia, Mama, usiniambie."

Nimeahidi mbele za Mungu.

Jumanne, 4 Machi

Mzee wangu kaingia kutafuta miwani. "Maiti ya nani hiyo umeifunika?" Nimecheka hadi sindano ikanichoma.

Lakini moyo hautulii. Kundi lao limemkatalia kazi yake mara mbili. Mkuu wao kasema hii ya tatu ikikataliwa, atatafuta mtu mwingine. Jioni nimeiombea ile mpya ishinde. Halafu nikaona haya – Mungu ana wagonjwa wa kuwaangalia.

Jumatano, 5 Machi

Amepiga simu mchana, sauti imekauka. Mkutano wa kuamua kazi yake, uliokuwa wa wiki ijayo, sasa ni Ijumaa hii, saa nne asubuhi. Jaribio litakuwa halijaisha.

"Funua, Mama. Mara moja tu."

Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe. Nikamsikia anavuta kamasi kama alipokuwa mdogo. Nami ni nani? Nikafunua.

Michezo 3,100. Mpya imeshinda 805, imefungwa 751, iliyobaki sare. Akashusha pumzi mpaka nikaisikia sikioni. Hizo zinatosha, akasema, anaandika ripoti leo. Izime tu.

Nikasema sawa. Sikuizima. Nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani, limejaa pini, nikasahau. Ahadi yangu ilidumu siku mbili. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 6 Machi

Gauni limekwisha, limechukuliwa. Kompyuta bado inanguruma. Nimeifunika tena, sijui kwa nini. Simu yake leo fupi – ripoti imekwenda, wameipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi saa mbili nimeenda kuizima. Ili niizime lazima nifunue.

Michezo 6,240. Imeshinda 1,557. Imefungwa 1,579.

Nimesoma mara tatu. Nimeandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia, isije ikawa macho yangu. Nimemwita Mzee. Akavaa miwani, akatazama chaki, akatazama kioo.

"Usimharibie mtoto siku yake," akasema. "Wewe umeona nini? Wewe ulizima juzi."

Akaenda zake kunywa chai. Nimepiga magoti kati ya cherehani na ukuta. Nilichosikia ni feni ya kompyuta tu.

Saa nne kasoro dakika kumi simu ikaita. "Mama, niko mlangoni. Niombee." Alikuwa anacheka, viatu vyake vinagonga sakafu.

Nikamwambia, mwanangu, sikuizima.

Viatu vikasimama. Halafu polepole: "Ngapi kwa ngapi?"

Nikamsomea toka mezani. Akaniambia nirudie ile ya pili. Nikarudia. Nikasikia mwanaume anamwita, ingia, tunakungoja wewe tu. Simu ikakatika.

Sasa ni saa nne na robo. Kitambaa nimekikunja, sikukirudisha. Inasoma 6,390. Mkutano umeanza, na sijui ameingia na namba zipi.